Mpangaji

Saa tisa usiku, Kajaani, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
na Kerttu Moilanen amekunja miguu kitini,
soksi za sufu, kahawa iliyokwisha kupoa.
Mbele yake kiwambo: seva mia mbili na arobaini
zinahema ndani ya kilichokuwa kiwanda cha karatasi.

Programu aliiandika mwenyewe. Aliiita Mpangaji,
na kazi yake ni kuwapangia wapangaji,
mashine zisizo na mwili:
duka la viatu la Tampere, mishahara ya walimu wa Oulu,
mchezo ambao hata saa hizi yupo mtoto
anaucheza kwa siri chini ya blanketi.
Kila mmoja anadhani nyumba nzima ni yake.
Mpangaji humuuliza kila mwenyeji: umebeba kiasi gani?
Anayejibu "kidogo" hupewa mgeni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Lakini leo Arobaini na Moja haponi.

Alisema kidogo. Kweli alisema,
dakika tano zilizopita.
Na katika dakika hizo tano
kila aliyepiga hodi alikaribishwa,
thelathini na mmoja kwa mkupuo,
maana kwenye orodha bado ameandikwa: mtupu.
Feni zinalia. Duka la viatu halifunguki.
Oiva anapiga simu kutoka chini:
"Huyu anaungua. Nimzime?"
"Usimzime. Tuwatoe mmojammoja."

Kuhamisha mashine inayokimbia hakutaki pupa.
Unanakili kumbukumbu yake huku yenyewe ikiendelea kukumbuka,
unarudi kunakili ilichokumbuka wakati ulipokuwa unanakili,
mpaka kinachobaki ni kiduchu, pumzi moja,
hapo unaisimamisha, unaivusha,
inaamka kwingine katikati ya neno lile lile.
Mtoto chini ya blanketi hakuona kitu.

Saa kumi.
Kerttu anaongeza mstari mmoja tu kwenye programu:
uliza tena kabla ya kumpelekea.
Anausoma. Anausoma tena.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Agosti walikaa jikoni, ndugu wanne,
nani amchukue mama.
Mmoja ana watoto, mmoja ana talaka, Kerttu ana zamu.
Raili akasema, "Mimi sina mengi."
Sasa ni Februari na hajaulizwa tena.
Wamempelekea mama, kisha mbwa wa mama,
kisha barua za bima, kisha Krismasi yote.

Anampigia. Simu inapokelewa kabla haijaita mara mbili.
Nyuma ya sauti mashine ya kufulia inazunguka,
na mama Aune anamwita mtu aliyekufa zamani.
"Kuna nini? Saa hizi?"
"Hakuna. Nilitaka kujua umebeba kiasi gani."

Kimya. Nguo zinazunguka.
"Subiri," anasema Raili, "nifunge mlango."