Herufi Iliyokufa

Ilianza Jumanne, katikati ya kadi ya harusi ya Mwanasiti:
nikabonyeza a, a haikuja.
Nikapuliza, nikaigeuza mashine kichwa chini,
zikadondoka chembe za bagia za mwaka juzi,
a haikuja.

Hebu jaribu wewe kuozesha mtu kwa Kiswahili bila a.
B b n m m w n kuk ribish .
Kadi mia mbili na hamsini, na mkwe anazitaka Ijumaa.
Nikaitafuta a moja katika barua ya zamani,
nikainakili, nikaibandika, nikaibandika,
kama anayejaza pipa kwa kijiko.

Miaka saba nimeipakata kama mwana.
Imelipa kodi ya chumba hiki cha Makorora,
imelipa vidonge vya mama vya presha.
Sasa bawaba imelegea, betri haivuki robo saa,
umeme ukikatika nasi tunakatika.

Mbaruku akapiga simu kutoka Maskati:
"Usinunue huko, watakuuzia mtumba uliopakwa mafuta.
Huku riali mia na arobaini, mpya, na nailoni yake."
Mbaruku akisema *huku*, sauti inanyooka.
Akisema *huko*, anamaanisha chumba hiki,
na jina lake alilolichonga kwa msumari
nyuma ya mlango huu.

Nikaenda Ngamiani, Barabara ya Nane, kwa Shekalaghe.
Duka upana wa mikono miwili, harufu ya risasi ya kuchomelea.
"Milioni moja, laki moja na nusu."
Na dhamana?
"Dhamana ni mimi. Kuanzia saa tatu nipo, Ijumaa nafunga adhuhuri."
Nikamtajia bei ya Maskati. Hakununa.
"Hata hii ilipita huko huko, dada.
Cha Tanga hapa ni bisibisi tu."

Mama, kutoka jikoni: "Usiache mbachao kwa msala upitao."
Sawa mama, lakini mbacha ni upi hapo, na msala ni upi?
Akacheka. Akasema yeye anakuna nazi.

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya mchele:
tofauti, laki mbili kasoro kidogo.
Basi niseme nisilomwambia Shekalaghe.
Sikuzihesabu fedha zile kama akiba.
Nilizihesabu kama mtu:
anashuka stendi ya Kange, begi begani,
amenenepa, amepunguka nywele,
"Shika mzigo wako, mwanamke we."
Miaka sita. Hata mazishi ya baba aliyaona kwenye simu,
nami ndiye niliyeishika simu, mkono ukafa ganzi.

Nikamuuliza, utaileta lini?
Akanyamaza. Nikasikia kiyoyozi chake kikipumua.
"Nitampa mtu. Kuna jamaa wa Pangani anakuja kabla ya Ramadhani.
Mwaminifu sana."

Mwaminifu sana.

Alhamisi asubuhi nikapanda baiskeli, fedha kifuani kwenye leso.
Nilikuwa nimeuza cherehani ya pili; msinihurumie,
ilikuwa inakula nyuzi.
Shekalaghe akakata utepe wa boksi.
Nikamwambia, bonyeza herufi zote, moja moja, mbele yangu.
"Zote?"
Zote. Anza na hiyo.
Akaweka kidole, akakisahau pale, maana mteja mwingine aliita,
na aaaaaaaaaaaaaaaaa ikajaa kioo kizima
kama mtoto aliyeambiwa na daktari afungue mdomo.
Nikaomba maji ya kunywa.

Kadi zilitoka usiku ule. Baba na mama, wote wamo, wametimia.

Ile nzee nimeiweka juu ya kabati, siwezi kuitupa.
Lakini kabla sijaizima nilimwandikia kaka yangu,
kwa vidole, bila kubandika kitu:

*K k , njoo nyumb ni. Njoo mikono mitupu.*

Ameisoma, alama mbili zimegeuka buluu.
Mama anauliza mbona sili.