Sikususa, Somoe

Wifi yangu Somoe, nimesikia unasema nilisusa.
Kwamba Dadi alitoka jandoni,
Newala nzima ikajaa uani kumpokea,
na shangazi mtu akaonekana mgongo tu
akikata kona ya msikiti, miguu mitupu.

Mgongo ulikuwa wangu.
Viatu pia, vile ulivyovikuta mlangoni.
Kususa hakukuwemo.

Ngoja nikueleze kwa lugha ya ghalani,
maneno yangu huko ndiko yanakokaa sawa.
Unaikumbuka mizani yetu ya kuning'inia?
Msimu uliopita walipanga korosho bila kuipa pumzi.
Gunia hili, sindano ikasogea.
Na hili, ikasogea.
La saba likaifikisha mwisho wa namba,
ikagonga kile kichuma, ikabaki inatetemeka.
Ukiongeza la nane, haisemi nane.
Inatetemeka tu.
Wakulima wakafoka: mizani mbovu hii!
Haikuwa mbovu.
Ilikuwa imejaa.

Sasa hesabu nami siku ile.
Sare mpya, ngumu kwa wanga,
lebo yake shingoni kama siafu mmoja mwenye subira.
Jenereta nyuma ya jiko.
Bati jipya la kaka, saa saba mchana,
jua likivunjika juu yake kama chupa.
Salfa kwenye nywele za vijana waliotoka kupuliza mikorosho.
Mama zako wadogo watatu, kila mmoja na kumbatio lake,
kila mmoja na marashi yake,
na mimi katikati, natabasamu kwa meno,
nahesabu vidole vyangu ndani ya kanga.
Halafu vigelegele.
Halafu spika.
Wenzangu waliisikia kwa masikio.
Mimi iliniingia mbavuni ikawa inagonga kutoka ndani
kama mtu aliyefungiwa.

Hayo yote ni sita.
Au saba, nikikihesabu kile kijiko
alichokuwa anakwangua nacho sufuria Bi Asha.

La nane hukulijua, ndiyo maana nakuandikia.
La nane lilikuwa furaha.
Dadi aliinua uso, unga ukimdondoka kwenye nyusi,
akatafuta kwenye umati, akaniona,
na shingo yake imekuwa ndefu, Somoe, imekuwa ya mwanaume.
Furaha nayo ina uzito. Hakuna anayenipunguzia
eti kwa sababu ni nzuri.

Kuna neno nilikuwa nimelibeba tangu alfajiri,
nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo.
Likakwama kooni kama kokwa.
Miguu ikaamua yenyewe.

Mama aliita mdeko.
Mwalimu aliita jeuri.
Mganga wa Kitangari alitaka kuku mweupe, akapewa.
Nikiwa na miaka thelathini na moja, daktari wa Ndanda
aliandika usonji kwa kalamu ya bluu,
akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe.
Nililipenda neno lile. Halikupiga kelele.

Nilikwenda ghala la pili. Mwezi wa saba halina kitu,
harufu ya katani kuukuu tu, na baridi ya huku juu.
Nikalala sakafuni, magunia matupu kumi na mawili kifuani,
mazito kiasi cha kunirudisha mwilini mwangu.
Nikahesabu misumari ya paa.
Ilipofika mia mbili na kitu, nikaanza kulia,
na kilio chenyewe hakikuwa cha huzuni,
kilikuwa sindano
inarudi.

Ngoma yenu niliisikia kutoka kule, ujue.
Kwa mbali ni tamu sana.
Nilipiga kidole sakafuni kuifuata,
hadi walipozima jenereta.

Viatu nitavifuata Jumatatu, redio ikiwa imezimwa.
Usinikumbatie. Nipe chai, ukae upande wa dirisha.
Na lile neno, nimelileta, limechelewa siku nne:
hongera.

Jambo moja bado.
Dadi alitoka na jina jipya. Walilitangaza,
spika ikalimeza.
Niandikie kwenye kikaratasi, ukitie ndani ya kiatu.
Nataka nilizoee kwanza nikiwa peke yangu,
nilitamke polepole,
ili siku nikimwita, aitike.