Baridi ya Kuazima

Kazi yetu sisi ni majina.
Fulani wa Fulani, kuzaliwa, kufa, pumzika,
malipo kwa herufi,
kando ya makaburi ya Kinondoni
chini ya turubai lenye matundu matano.
Kobelo anachonga. Mimi nasugua.

Akaja daktari mstaafu, mama wa Kizungu wa Upanga,
na picha iliyofifia kama chai ya majani yaliyorudiwa:
mwanamume, ndevu zimeshika barafu,
kofia ya manyoya imeyameza masikio.
Babu yangu, akasema.
Alikwenda kuitafuta Ncha ya Kusini kwa miguu,
akarudi na vidole saba,
na safari yenyewe hakuisimulia hata mezani.
Nichongeeni kichwa chake. Kwa mkono. Mashine isimguse.

Kobelo akaligonga jiwe kwa ukucha, akasikiliza.
Marumaru nyeupe, mshipa mmoja wa kijivu
unakatiza pale ambapo shavu lingekuja kukaa.
Siku nne hakushika nyundo.
Ya tano, alfajiri, akanichukua mpaka Feri
wanapovunja barafu ya samaki,
akazamisha mkono kwenye ndoo hadi kiwiko,
akaniambia: hesabu.
Nilifika mia mbili na kumi.
Wauza changu wakacheka, Fundi, umedondosha pete?
Yeye alikuwa anajitazama
kwenye kioo cha pikipiki ya mtu,
aone baridi ikiingia mwilini
uso hukaza wapi kwanza.

Hapa, akasema, akanigusa chini ya jicho.
Si mdomoni. Mdomo unajua kudanganya.

Miezi mitano.
Januari ikatukamua mpaka tui la pili,
vumbi jeupe kwenye kope, kwenye uji, kwenye sidiria.
Wateja wa misalaba walituona tumezeeka kwa wiki moja.
Mimi nilipewa ndevu:
msasa wa themanini, wa mia mbili, wa mia nne,
kisha kitambaa, maji, na kunyamaza.
Nilizijua ndevu zile kuliko za mume wangu,
ambaye naye aliondoka kwenda mbali,
ila yeye hakuwa anatafuta ncha ya kitu chochote.

Simu ya Upanga ikawa haipokelewi.
Mlinzi akasema: wamemsafirisha kwao, hajitambui.
Nusu ya malipo imelala huko huko.

Kichwa kikabaki kwetu.
Mmoja alisema ni mtume. Mwingine, sista mwenye ndevu.
Kijana wa bodaboda aliapa
ndiye mwenye kiwanda cha aiskrimu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
tukamfunga kamba ya turubai shingoni,
Kobelo akawa anamvika kofia yake akienda kula.
Na mtoto wa Stumai mama ntilie alipochemka homa,
bajaji ya kwenda Mwananyamala imekwama kwenye foleni,
tulimlaza shavu kwa shavu na yule babu.
Mtoto akatulia, mate yakichuruzika kwenye ndevu zangu.
Stumai akauliza: Huyu aliuawa na baridi?
Nikasema, hapana. Alirudi nayo.

Leo kuna mteja wa Mbezi, suruali ya kitani,
ametoa bahasha, haikunjiki.
Nyoeni ndevu, anasema. Tandazeni pua kidogo,
toeni hiyo kofia, awe marehemu mzee wangu.
Arobaini ni Jumamosi.

Kodi ya kiwanja ina miezi mitatu.
Kobelo ameshika tindo mkono wa kulia.
Wa kushoto ameuweka juu ya jiwe, chini ya jicho,
kwenye ule mshipa wa kijivu,
hanitazami, ananiambia: hesabu.

Nimepita sitini.
Mteja anaangalia saa.