Kitabu cha Wageni

Kazi yangu ni kukaa mlangoni,
kuhesabu vichwa kwa kidude kinacholia tik,
na kusema: vyoo kushoto, samaki kulia,
yule mkubwa mwenye meno utamwona mwenyewe.
Ni Agosti, Montana ya mashariki. Ngano imekatwa.
Panzi wanajipigiza kwenye vioo.

Asubuhi walikuja watoto wa kanisa, kumi na tisa.
Mmoja, Tollef, pengo la mbele,
akasimama kati ya dinosau na picha ya bwawa,
akauliza: "Ni huyu aliyejenga?"
Mwalimu wake alicheka. Mimi kicheko kilinikwama.
Kwa mtoto, zamani ni chumba kimoja:
nyati aliyejazwa pamba,
kiberenge cha kubebea udongo,
mjusi wa tani saba, babu wa mtu,
wote wameingia siku moja
na hakuna aliyemtangulia mwenzake.

Saa nane akaja mzee Orrin Skaar.
Huja kila mwaka, kofia mkononi.
Hasimami kwa samaki,
hata yule wa pua kama kasia
anayemfuata hadi mwisho wa kioo.
Huenda moja kwa moja kwenye mfano wa bwawa,
plasta na rangi, mto wa gundi iliyokauka,
akaweka kidole upande wa mashariki,
pale palipoporomoka.

Humo ndimo alimo baba yake.
Orrin alikuwa na miaka minne.
Ukuta uliteleza mchana kweupe,
laini, kama uji uliomponyoka mpishi.
Koleo lilipatikana. Kiatu kilipatikana, kimoja.
Mshahara ulilipwa mpaka dakika ya ajali,
kisha pampu zikawashwa upya,
maana mto haungoji matanga.

Chumba cha nyuma, Delphine Ironbear
anasugua ubavu wa dinosau kwa mswaki.
Miezi kumi na moja, ubavu mmoja.
Bibi yake alizaliwa bondeni, kwenye miti ya matunda,
mahali ambapo leo watu hupitisha mashua
wakivua, wakinywa bia, juu ya paa lisilokuwepo.
Hilo halikuandikwa kwenye kibao chochote.
Aliniambia tukila mkate.

Mwaka huu mzee akaenda kwake.
Sijui kwa nini mwaka huu.
"Huyu mlimtoa wapi?"
"Kwenye shamba la mtu, maili thelathini."
"Alikuwa chini kiasi gani?"
"Mita mbili. Pengine na nusu."
Akanyamaza, akipiga hesabu kwa midomo.
"Wangu yuko chini zaidi," akasema.
"Lakini si wa siku nyingi hivyo."

Delphine hakusema pole.
Akafungua kijilango, akampa mswaki.
"Taratibu," akamwambia. "Vuta kuja kwako."
Na mzee Skaar, miwani kwenye ncha ya pua,
akasugua ubavu wa mnyama asiye ndugu yake
mpaka mwanga wa dirishani ukahama meza.

Kwenye kitabu cha wageni, Tollef alikuwa ameandika
kwa herufi za kuanguka: NIMEPENDA VYOTE, HASA CHURA.
Chini yake mzee akaandika jina.
Palipoulizwa *umetoka wapi*, akaweka: Hapa.
Palipoulizwa maoni hakuweka neno,
ila vumbi la kidole, kijivu, lenye mistari.

Nilinyanyua kitambaa, nikakirudisha.
Alipofika kwenye gari lake
nikabonyeza kidude. Tik.
Kanuni ni kuhesabu wanaoingia tu,
naye nilishamhesabu.