Mabano

Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa.
Mheshimiwa akikohoa, siandiki.
Meza zikigongwa, nafungua mabano: (Makofi),
nafunga, tunaendelea.
Miaka kumi na mmoja nafungua na kufunga
kama mlinzi wa geti asiyeulizwa jina.

Jumanne ile Kamati ilishuka Tanga
kuikagua sheria ya viwango vya adhabu,
ile isemayo thelathini na isiyosema kwa nini.
Pongwe, vumbi la saruji lilikuwa limekaa
juu ya mkonge kama unga juu ya kope za mwanamke anayesaga.

Maweni. Jina lenyewe limeshahukumu.

Tuliwekewa viti vya plastiki, maji ya chupa,
kitambaa cha meza kilichofumwa na mikono ya humo ndani.
Mkuu wa Gereza alisoma: uwezo wa jengo, kisha idadi ya waliomo.
Mjumbe mmoja aliomba namba ya pili irudiwe.
Ikarudiwa.
Nikaandika (Hakuna makofi), kisha nikafuta.
Kisichokuwepo hakiwekwi kwenye mabano.

Akaitwa Mbaruku Shemhilu, fundi viatu.
Aliingia dukani usiku na bisibisi mkononi.
Bisibisi ikaitwa silaha,
silaha ikaitwa thelathini,
na hadi asubuhi ile alikwishakula kumi na nne.
"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," alisema.
"Hakimu alivua miwani, akasema mikono yake imefungwa.
Nikatazama. Yenye pingu ilikuwa yangu."
(Kicheko)
Nilikiandika kwa kuwa kilikuwepo. Hata yeye alicheka.

Mheshimiwa wa upande wa dirishani akasimama:
"Mheshimiwa Mwenyekiti, tukilegeza kamba,
mwenye duka atalala wapi?"
(Makofi)
Swali ni halali, sina ugomvi nalo.
Mimi mwenyewe nimeibiwa mara mbili,
na mara ya pili niliomba mwizi akatike mkono.
Hilo halimo kwenye kumbukumbu za Bunge.

Sasa, mwenye duka alikuwepo.
Bi Mishi Mwakidudu, mtandio wa kijani,
pochi kaibana kwapani.
Wote wakamgeukia, huku wakingoja msamaha,
kule wakingoja machozi.

"Mimi naitaka redio yangu," akasema.

Mwenyekiti akauliza, redio ipi?

"Aliyoibeba huyu. Ilikamatwa usiku uleule, betri hazijapoa.
Wakaibandika karatasi, kielelezo namba mbili.
Nimeifuata mahakamani hadi kiatu kikaisha soli,
naambiwa njoo kesho, karani kaenda msibani.
Huyu yuko ndani, redio iko ndani,
nami nyumbani nasikiliza ukuta.
Yeye kapewa thelathini.
Redio yangu imepewa mingapi?"

Hapo kalamu ilikwama.
Hapakuwa na kicheko, hapakuwa na makofi.
Feni ilizunguka. Nje, nyundo iligonga jiwe,
nyingine ikaijibu, mbali kidogo.
Nikafungua mabano. Nikakaa nayo wazi.

Saa nane Mwenyekiti akawashukuru wenyeji.
Mbaruku, akirudishwa, aligeuka mlangoni:
"Waheshimiwa, Tanga ni waja leo waondoka leo.
Sisi ndio tuliokuja tukakaa."
Askari akatazama viatu vyake mwenyewe,
vilivyoshonwa vizuri, na nadhani najua na nani.

Usiku, nyumba ya wageni, Chumbageni,
nikanyoosha rasimu.
Azimio la kwanza: Serikali ipitie upya.
Azimio la pili: Serikali iharakishe huko kupitia.
Redio haikuingia. Mkubwa wangu alisema si hoja.

Lakini ukiifungua taarifa ile, ukurasa wa sitini na mbili,
baada ya neno "mingapi" utakuta bano moja
limefunguliwa.
Wahariri walilipita. Mpiga chapa alilipita.
Halijafungwa.
Kwa hiyo, kwa sheria za uandishi nilizofundishwa,
kila kilichosemwa Bungeni tangu siku hiyo,
hoja, taarifa, miongozo, makofi yote,
kimo humo ndani, pamoja na redio ya Bi Mishi,
kinasubiri
(