Shati la Jumatano

Kila Jumatano, saa mbili kasoro,
jua la Trapani huchelewa kwa Nunzia.
Si mawingu. Ni meli:
ghorofa kumi na nne za chuma cheupe
zimesimama mbele ya kamba yake ya kuanikia
kama mgeni asiyejua kuketi.

Shuka hubaki mbichi hadi saa nne.
Nyanya alizozitia chumvi zikauke
hunywa umande upya.
"Karibu," huiambia meli, "lakini sogea."
Meli haijui Kisisilia.

Chini, watu elfu tatu wanamwagika gatini.
Wana saa sita za kuupenda mji:
kanisa moja, aiskrimu moja,
sumaku ya friji yenye kinu cha upepo
cha mashamba ya chumvi
ambako Vito, marehemu mumewe, aliyaacha magoti yake.
Saa tisa wameshaumaliza.

Lakini Jumatano ile ya Oktoba
mzee mmoja hakushuka.
Alitokea roshanini, usawa wa paa la Nunzia,
fulana tu mwilini,
akakung'uta shati alilolifua mwenyewe,
akalitundika ukingoni kwa kuibia,
kama mwizi anayerudisha kitu.

Nunzia akamwashiria: pindua! Kola chini!
Akapindua.
Nunzia akainua vibanio viwili vya nguo,
akaitazama ile hewa, mita thelathini,
akavirudisha mfukoni mwa aproni.
Wakacheka, kila mmoja kwa lugha yake.

Siroko haikungoja kuombwa.
Ililinyakua shati,
ikalipitisha juu ya teksi,
juu ya waongozaji na vibendera vyao,
ikalibwaga kwenye nyanya.

Alipomaliza kulitoa doa
meli ilikwishapiga honi.

Jumatano iliyofuata akalipiga pasi,
akapanda nalo darini kabla ya kahawa.
Meli ileile, jina lilelile;
roshanini, msichana anapaka rangi kucha.
Jumatano nyingine, pacha wawili wanagombea darubini.
Nyingine, pazia.

Sasa shati liko kambani, kola chini,
kati ya shuka na gauni lake jeusi.
Rosalba wa jirani kauliza ni la nani.
"La yule wa nyumba ya mbele," akajibu,
akielekeza kidevu baharini
pasipo na nyumba.

Hulifua kila wiki ingawa halivaliwi.
Chumvi ya hapa, asema, haiulizi
kama nguo ina mtu ndani.