Usiizime

Niliinunua mnadani kwa euro thelathini na tano
siku walipouza kiwanda vipande vipande:
meza, mizani, saa ya ukutani,
na hii seva, bapa kama sinia la chuma,
kilo ishirini na nane.
Jouko wa ghorofa ya pili alishika upande mmoja,
mimi mwingine. Lifti ilikuwa mbovu tangu Jumanne.
Kila kituo cha ngazi tulipumzika
kama wabeba jeneza wasiomjua marehemu.

Hilkka alifungua mlango. Akaitazama, akanitazama.
"Itakaa wapi?"
Saunani, nikasema.
Sauna yetu haijawashwa tangu mwaka juzi,
imejaa viatu na skii za mtoto aliyehamia Turku.

Basi ikalala kwenye benchi la juu.
Nikalegeza skrubu, nikavuta kifuniko,
kikateleza kwa sauti ya kisu kikitoka alani.
Ndani, vumbi.
Si vumbi la nyumba. Hili ni jeupe, laini, nalijua:
vumbi la karatasi. Nimelipigia chafya
miaka ishirini na sita kwenye mashine namba tatu,
na sasa limetulia juu ya mbavu za alumini
kama unga kwenye nyusi za msagishaji.

Feni sita. Prosesa mbili chini ya kofia zao.
Vibao vya kumbukumbu, kumi na viwili, wima, kama toast.
Na upande wa ndani, kibandiko, kalamu ya wino mzito:
USIIZIME. Pentti.
Pentti mwenyewe alizimika Machi ile ya barafu nyembamba.

Nikachomeka waya.
Nani alijua chuma kina yowe?
Feni zote kwa mpigo, kama ndege inayotaka kuruka
kutoka bafuni. Jouko akagonga bomba kutoka chini, mara tatu.
Hilkka akaja mbio, taulo kichwani.
Kisha zikashuka, zikashuka, ukabaki mvumo,
taa ya kijani ikipepesa
na ya rangi ya chungwa imekodoa: diski ya nne imekufa.
Zile saba zinabeba mzigo wake bila kunung'unika.
Kiwandani sisi tulinung'unika,
kisha tukabeba,
kisha hapakuwa na cha kubeba.

Siku tatu nikibahatisha nywila:
majina ya mbwa wake, timu yake ya magongo ya barafuni,
mwaka mto Kymi ulipofurika.
Siku ya nne nikaandika usiizime,
herufi ndogo,
ikafunguka.

Kila karatasi iliyokatika imo humo, kwa saa na sekunde.
Nikautafuta usiku ule, mnaukumbuka,
mashine iliposimama saa kumi na moja mfululizo
na wote tukasema ni Pentti, Pentti na vitufe vyake,
nami nikalisema kwa sauti kubwa kuliko wote, kantini,
kijiko mkononi.
Tarehe kumi na nne Januari. Saa tisa na dakika nane usiku.
Kasi imepandishwa. Opereta 0417.

0417 ilishonwa kwenye mfuko wa koti langu.

Lisemwalo lipo. Lisilosemwa nalo lilikuwapo,
limelala diski ya sita, na Pentti aliyepita hapo kila asubuhi
na kikombe chake cha bluu
alilijua, akanisalimia,
akaniuliza hali ya goti.

Nje nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Ndani ya sauna, thelathini na moja, bila kuni.
Hilkka ameanika soksi juu ya kifuniko,
ameketi benchi la chini, bili ya umeme mapajani.
"Umeona ulichotaka?"
Nimeona.
"Basi izime."
Kesho, nikasema.
Nikasogeza soksi kidogo
zisizibe feni.